Sahani ya Benigna

Mwaka 1988 maduka ya Songea yalikuwa yameanza kujaa tena, na Kunegunda wa mtaa wa Msamala, muuza mitumba, hakukosa sabuni wala sukari. Kilichomnyima usingizi ni mdogo wake, Benigna, aliyekuwa amekaa miaka tisa kisiwani, Ziwa Nyasa, kwenye makazi ya wagonjwa wa ukoma. Vidonge vipya vilishamponya. Mganga wa kule alisema hamwambukizi mtu tena, arudi kwao. Arudi kwa nani? Hakuwa na mwingine ila dada yake.

Kunegunda alikwenda kumwona kila msimu, na kwa hilo tusimnyime sifa. Masika lori lilizama kwenye tope, abiria wakashuka kulisukuma. Wakati wa upepo wa mwera mtumbwi uliyumba, akatapika huku akisali rozari. Novemba wadudu wa ziwani walipanda angani kama moshi, wakamwingia mdomoni. Yote aliyavumilia. Lililomshinda ni moja tu: kula kwa mdogo wake. Benigna alisonga ugali kwa vidole vitatu vilivyombakia, akapakua na dagaa. Kunegunda akasema ameshiba, kisha akaenda nyuma ya mwamba kula mihogo aliyofungasha kutoka nyumbani. Alijidanganya kwamba haonekani.

Mwaka uliofuata, mahindi yalipokwisha kuvunwa, alifika na furaha ya kweli.

"Mdogo wangu, nimekuja kukuchukua. Chumba kipo, kitanda kipo." Akafungua kitenge, akatoa sahani mpya ya bati yenye maua, na kikombe chake. "Hivi ni vyako peke yako. Watoto nimeshawaonya, hakuna atakayevigusa."

Benigna alivitazama kwa muda mrefu. Nyuma yake majirani walikuwa wamezunguka sinia moja, wakicheka.

"Dada, huko Songea nitakula na nani?"

"Utakuwa unaletewa chumbani."

"Asante, dada. Wahi mtumbwi, usije ukaachwa."

Akageuka, majirani wakasogea, akaketi. Kunegunda alilia mpaka Mbamba Bay. Njia nzima alimlaumu mdogo wake kwa ukaidi, na moyoni alijua wa kulaumiwa ni nani.

Sahani ile ingali kabatini Msamala. Hata siku ya wageni wengi, vyombo vikipungua, watoto huiruka. Kunegunda mwenyewe hajathubutu kuilia chakula, ingawa Benigna hakuigusa hata kwa kidole.