Papa Aliyenikumbukia Programu

Kama munataka kucheka, mucheke sasa, mumalize. Hii ilinipata miye mwenyewe hapa Bukavu, muchana kweupe, na niko na akili yangu. Ile iliyobakia.

Nilikuwa ninajifunza kuandika programu. Kituo kimoja cha afya kikaniomba niwatengenezee ya kutafuta watu wa kutoa damu. Nilikuwa naandikia mu kachumba ka kuchajisha simu, mu mutaa wa Kadutu, mbio mbio, mbele ya umeme kukatika. Siku moja mvua inamwagika, papa mumoja, muzee wa mvi, akaingia, akaketi pembeni yangu. Nguo zake kavu kabisa! Wewe ungekimbia, si ndiyo? Miye nilikuwa na haraka.

Mwalimu alitufundisha: kila kipande, andika maelezo kinafanya nini. Nikaanza. Papa akasema, "Mutoto, unapoteza umeme bure. Acha, nitakukumbukia."

Nikacheka. "Haya papa, kumbuka basi." Nikaacha maelezo, nikaandika programu tu.

Programu ikatembea muzuri. Halafu yaya yangu, dada yetu mukubwa, akaenda kuzaa pale pale kituoni. Damu ikamutoka sana, na programu ikakwama, majina yote ya watu wa damu yamo ndani. Mu kachumba kale kale nikafungua ile niliyoandika na mikono yangu. Muniamini, sikutambua hata mustari mumoja! Muganga wa kituo ananipigia simu, anapiga tena.

Kugeuka, papa ameketi pembeni. Sikumuona akiingia.

"Ninakumbuka yote," akasema. "Nitakurudishia, lakini unipatie kitu ingine ya kukukumbukia."

"Kamata yoyote, papa! Yaya anakufa!"

Akagusa mustari mumoja kwa kidole. Kosa lilikuwa la kijinga tu. Nikarekebisha, majina yakatoka, damu ikapatikana. Yaya akapona, na mutoto wake. Nilikimbia mpaka maternite, pale wamama wanazalia, nikiimba.

Ku mulango, mama mumoja wa kitenge akanikumbatia, analia: "Mutoto wangu, Mungu akubariki!" Nikamuuliza yaya polepole, huyu mama ni nani? Akafikiri ninacheza.

Ni yeye alinizaa, wanasema. Tunakaa nyumba moja. Picha zetu ameniwekea mbele, nikaangalia zote, bure. Usiku ninamusikia akilia, na inaniuma, lakini ni vile inauma kwa jirani.

Nyinyi munaoanza hii kazi, muandike maelezo, hata umeme ukatike. Mutu akisema atawakumbukia, mumufukuze. Muniache sasa, ule mama ananiita tukule.