Kuku wa Kumkomboa Goodhope

Mimi Hildegarda ni Mnyamwezi wa Kilosa. Babu alikuja kukata mkonge, mkonge ukaisha, yeye akabaki. Teresia ni Msagara wa Munisagara, kwa hiyo ni mtani wangu, na kwenye utani mimi nina mdomo, muulize yeyote. Kwao kukitokea msiba mimi ndiye ninayefagia, ninayechota maji, ninayeingia kaburini na kukataa kutoka mpaka nipewe soda. Wao wakija kwetu hufanya hivyohivyo. Mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia, wewe ndiye mwenye kosa.

Nayasema haya mapema kwa sababu wako wanaodai siku ile nilikuwa nimelewa. Sikuwa nimelewa.

Teresia ameshazika watoto wawili wa kiume, wote hawakufikisha mwaka. Vidonda mdomoni, kuhara, kikohozi kisichosikia dawa, basi. Misiba yote miwili nilikuwepo na nilichekesha watu inavyotakiwa. Binti yake mkubwa, Doris, ana miaka minane na hajaumwa kitu zaidi ya malaria. Alipojifungua wa tatu, Goodhope, mimi nilikuwa nimehamia Mikumi, nawapikia madereva wa malori pale barabarani. Habari zikanifikia kwamba mtoto huyu anafichwa. Hashikwi, habusiwi, mgeni anaishia uani. Watu wakasema Teresia anaringa. Nikasema, anaringa mpaka kwa mtani wake? Ngoja.

Nilifika Munisagara Jumamosi asubuhi, nina mafua. Hayo mafua nayakumbuka kila siku ya Mungu. Nikamwamkia mama yake Teresia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniambia binti yake anaoga. Nikapita moja kwa moja chumbani. Mtoto alikuwa ndani ya chandarua, miezi minane, mwepesi kuliko umri wake. Nikambeba, nikampaka unga usoni, nikatoka naye napiga vigelegele kwamba nimeiba mtoto wa Wasagara na anayemtaka aje amkomboe na kuku.

Majirani wakatoka. Nilimpitisha mikononi mwa watu kama kumi, na kila mmoja akambusu, maana walikuwa na hamu naye tangu azaliwe. Bibi yake alicheka mpaka akashika kiuno, kisha akaenda kukamata tetea mwekundu akanikabidhi.

Teresia akatoka na khanga moja, maji yanamtiririka. Nilisubiri anitukane, ndio utani wenyewe. Akapiga magoti mavumbini mbele yangu.

"Mtani, nirudishie mwanangu," alisema. "Mwili wake hauna kinga."

Nilipata habari yote palepale, kwa vipande, huku akilia. Goodhope amezaliwa bila askari wa mwili. Mafua yanayokupita wewe kwa siku tatu, yeye yanaweza kumuua. Ni ugonjwa wa kurithi, adimu sana, unapitia kwa mama na kuwakamata watoto wa kiume, na ndio uliowachukua wale wawili. Madaktari walishapata njia moja tu. Watachukua uloto ndani ya mifupa ya nyonga ya Doris, zile mbegu zinazotengeneza damu, wampandikizie mdogo wake zikaote upya mwilini mwake. Doris alishapimwa na amelingana naye. Safari ya India ilikuwa imebakiza siku kumi na moja, na sharti lilikuwa mtoto asiguse maradhi yoyote. Hakumwambia mtu, hata mama yake mzazi. Upande wa mumewe walikuwa wameshaanza kunong'ona kwamba anakula watoto wake, sasa angesemaje kwamba ugonjwa unapitia kwake?

Mimi nilikuwa bado nimembeba mtoto, napumua juu ya uso wake. Nikabana pumzi mpaka alipotolewa mikononi mwangu.

Sikurudi Mikumi. Nililala kwa shangazi yangu, na kila asubuhi nikasimama nje ya ua, mbali, kitambaa mdomoni. Doris alikuwa anatoka mlangoni ananitajia kipimajoto kimesema nini. Thelathini na sita na nusu. Thelathini na sita na nusu. Thelathini na saba. Siku ya nne Doris hakutoka.

Walimkimbiza hospitali Morogoro. Nilikaa nje ya wodi siku tisa, na ndege ikaondoka bila wao. Jamani, niliogopa. Mlango ukifunguliwa naangalia chini, nisione uso wa anayetoka. Mimi ambaye sijawahi kukosa neno, nilikosa hata la kumwambia muuza maji. Kilichonitesa zaidi ni kwamba mtoto akifa, mtani wao ni mimi. Nitatakiwa niingie kwenye lile shimo dogo, nikatae kutoka, na watu watasubiri kucheka.

Nilitamani Teresia anitukane. Nilimwambia anipige. Alinitazama tu akarudi ndani, maana mtani hakasirikiwi, na mimi nikaona jinsi desturi yetu ilivyonikinga na kitu nilichokuwa nakihitaji. Asiyekosewa atamsamehe nani?

Homa ilishuka. Wakapangiwa tarehe nyingine. Siku wanatoka hospitali Teresia alinijia pale kwenye benchi, akasimama mbali kidogo.

"Akifa, hutamzika wewe," alisema. "Usije."

Hakuna neno zito kuliko hilo kwetu. Alikuwa amenivua utani. Niliitikia sawa, kwa sababu lilikuwa halali yangu, nikampitia yule kuku kwa shangazi, nikapanda gari kurudi Mikumi naye kwenye kikapu.

Sikuweza kumchinja. Wateja wakimwulizia nawaambia si wa kuuza. Akatamia, akaangua vifaranga saba, akawa anazunguka nao chini ya meza nikipika. Mumewe Teresia, Stefano, anaendesha lori la miwa Kidodi, na ndiye aliyekuwa akinipa habari. Alinipigia kusema Doris ameshatolewa uloto kule India, ameamka na kuomba chipsi. Alinipigia kusema Goodhope amewekwa chumba cha peke yake, anayeingia anavaa mpaka kofia. Kisha wiki tatu hakupiga. Kila simu ilipoita nilitoa sufuria motoni kwanza, nisije nikajiunguza nikisikia nisilotaka. Alipopiga tena alisema mbegu za Doris zimeanza kushika, lakini daktari ametaka wahesabu siku mia moja kabla ya mtu yeyote kushangilia. Nami nikaanza kuhesabu.

Juzi, siku ya arobaini na moja, ikaingia namba ndefu ya nje. Nikaogopa kupokea, ikakatika. Ikaita tena. Nikapokea. Nikatambua pumzi zake.

"Mtani," Teresia alisema, "kuku wangu yuko wapi?"

Nikakaa juu ya kuni. Kuku mwenyewe alikuwa miguuni pangu anadonoa wali uliomwagika. Nikamwambia nilimla siku ileile, tena alikuwa mgumu kama Wasagara wote. Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu nimwibie mwanawe.

Nyuma yake mtoto akakohoa, mara moja. Teresia akaacha kucheka. Wote wawili, simu sikioni, tukasikiliza kama atakohoa tena.