Bosi wa Kasino Nyumbani kwa Mama

Alininyooshea mkono kwenye ukumbi wa hoteli, akaniuliza kama mimi ni mwenyeji wa Juba. Nikasema ndiyo. Akasema vizuri sana, tutafanya kazi pamoja, kisha akageuka kuwaonyesha mafundi mahali pa kuweka meza ya ruleti. Alikuwa amenenepa na nywele zimemrudi nyuma. Mimi nilimjua kabla hajafungua mdomo. Yeye hakunikumbuka hata kidogo, na mpaka leo sijui kwa nini jambo hilo liliniudhi kuliko yote aliyokuwa amenitenda. Mtu akikuharibia maisha, angalau akumbuke sura yako.

Nieleze alichonifanyia. Mimi nililelewa Uganda, ukimbizini, na huko ndiko nilikojifunza kugawa karata, katika kasino moja ya Kampala. Baadaye wakala wa ajira akanipeleka kwenye meli ya watalii, zile kubwa zenye maghorofa na mabwawa ya kuogelea, zinazowazungusha matajiri kutoka bandari hadi bandari. Meli ikitia nanga, kasino inafungwa na abiria wanashuka kwa matembezi yao. Ikirudi baharini tunafungua, nao wanarudi na kofia zao za ukindu, ngozi zimewaiva kwa jua, wanakaa mezani kupoteza pesa. Anayepoteza sana ndiye anayependwa sana. Huyo hupewa kila kitu bure: vinywaji, chumba chenye baraza, safari nyingine mwakani, na tiketi ya matembezi ya nchi kavu katika gari la peke yake.

Aliyegawa takrima hizo ndiye yule bosi. Alikuwa Mkenya wa Nairobi, na nilipomsikia akiongea Kiswahili siku ya kwanza nilifurahi kijinga, nikadhani nimepata ndugu huko majini. Kazi aliijua. Alimwona mtu aliyeelemewa kabla mwenyewe hajajijua, akampelekea glasi na maneno matamu, na mtu akaendelea kuliwa huku akishukuru.

Kulikuwa na abiria mmoja mzee aliyekuwa akipoteza kila alasiri. Bosi akataka kumpa matembezi ya bure katika bandari iliyofuata, na akataka mimi niende naye, nimshike mkono kwenye ngazi, nile naye, nimchangamshe. Nilimwambia mkataba wangu unasema karata, hausemi kuchangamsha wazee. Akatabasamu, akasema sawa dada. Ningejua maana ya tabasamu lile ningeomba nihamishiwe jikoni.

Kwenye meza za kasino kuna sheria moja ambayo kila mgawa karata huiota. Huwezi kujigusa mwili kabla hujaifungulia viganja kamera iliyo juu ya kichwa chako. Pua ikiwasha, unaonyesha viganja kwanza. Niliishika sheria hiyo kila siku, isipokuwa alasiri moja meli ikiwa katikati ya bahari. Bibi mmoja alishinda, akanisukumia chipu ya bakshishi. Niliigonga mezani kama inavyotakiwa, nikaidondosha katika sanduku la bakshishi, nikamwinamia yule bibi na kuweka mkono kifuani. Ndivyo tunavyoshukuru kwetu. Mtoto wa Juba asiyeweka mkono kifuani anaposhukuru, watu huuliza mama yake ni nani. Mkono wangu ulikwenda wenyewe.

Kamera ilikuwa juu na nyuma. Iliona mkono, ikaona chipu, ikaona kifua. Sanduku haikuliona kwa sababu mwili wangu ulilikinga. Lakini bosi alikuwa amesimama begani kwangu na mlio wa chipu ikianguka ndani aliusikia kama nilivyousikia mimi. Akaandika kwamba ameniona nikiitia katika blauzi. Walinipekua wasipate kitu, wakasema basi nimeshampa mwenzangu. Bandari iliyofuata nikashushwa na begi langu, katika ngazi ileile waliyoshukia abiria waliokwenda kutembea. Mama mmoja wa kizungu alinipisha akanitakia siku njema ya mapumziko.

Habari ilinitangulia nyumbani. Wakala wa Kampala alizungumza, na Kampala na Juba ni kama jiko na sebule. Mama yangu wakati huo alikuwa ameshatoka ukimbizini na kujenga katika mtaa wa Lemon Gaba, Juba, na ndiye aliyeshika ufunguo wa stoo ya kanisa, mahali panapowekwa sufuria kubwa, sahani na viti vya harusi na matanga. Kwa mama kama yule, aliyezeekea kambini hana chochote, ufunguo ule ulikuwa cheo. Nilipofika nikakuta ameshaurudisha. Akina mama wenzake hawakumwambia neno, ila walikuwa wameanza kuhesabu vijiko mbele yake.

Nilimweleza yote, tangu yule mzee hadi mkono kifuani. Alisikiliza huku akichambua majani ya kudura kwa ajili ya mboga ya jioni. Nilipomaliza alisema, "Mungu anajua," akaendelea kuchambua. Nilingoja. Nilitaka sentensi moja tu kutoka kwake, aseme anajua sikuiba. Miaka ilipita, tukala pamoja, tukaugua malaria pamoja, tukazika ndugu pamoja, na sentensi ile haikuja. Nilijifariji kwamba ananiamini kimoyomoyo, kwamba ni wale wanawake wa kanisa tu wanaomfunga mdomo, na nikamhesabia yule bosi kila siku ya ukimya wa mama yangu.

Kwa hiyo mjue nilikuwa na hali gani alipokuja kufungua chumba cha michezo katika hoteli ya kando ya mto. Hoteli ile ilikuwa imenipa kazi ya kuwatembeza wageni: kuwavusha kwa boti hadi kisiwani, kuwapeleka soko la Konyo Konyo asubuhi samaki wanapowasili, na kuwapigia kelele wasitoe simu kupiga picha darajani, ambako ni marufuku. Yeye alitaka kuleta mtindo wa meli. "Watu wacheze, wapoteze, halafu tuwapeleke mahali fulani poa, wajisikie wageni wa heshima," alisema. "Hapa kuna nini cha kuwaonyesha zaidi ya huu mto?"

Damu ilinichemka, lakini uso wangu ulikuwa mtulivu. Kasino ilinifundisha uso. Nikamwambia wageni wa siku hizi wanapenda kula katika nyumba ya mwenyeji, chakula cha kweli, wakae kwenye mkeka. Akauliza nyumba ya nani. Nikasema kuna mama mmoja Lemon Gaba, mikono yake haina mfano. Akapiga vidole, akasema wazo hilo ni moto, na kwamba yeye mwenyewe atakuja kuonja kwanza pamoja na wachezaji wake wawili.

Mama nilimwambia wageni wa hoteli wanakuja kula, basi. Nikamwomba awaalike akina mama wa kanisa wamsaidie kupika, hasa yule anayeshika ufunguo siku hizi. Akaniangalia kidogo, kwa maana alijua siwapendi, lakini akawaita. Siku hiyo ua lilijaa moshi na vicheko. Walipika mikate myembamba ya kisira, kudura, samaki wa kukaanga na ugali wa asida, na walikuwa wamevaa vitenge vyao vya sikukuu kwa ajili ya mtu ambaye mimi nilikuwa nimemwandalia kaburi.

Njiani ndani ya gari nilimdanganya bosi kitu kimoja. Nilimwambia, "Wale mama wanajua Kiarabu cha Juba tu. Ukiwa na neno la kazi, ongea Kiswahili, hawatakusumbua." Wanawake wale, wote, walikaa Uganda miaka ya vita. Kiswahili walikinunulia chumvi na kukiombea ruhusa kwa askari wa vizuizini.

Wachezaji wawili aliokuja nao walikuwa wafanyabiashara wa mtaa wa Sherikat, mmoja Mganda mwenye malori, mwingine Mkenya wa saruji. Walinawa, wakala, wakasifu. Mama alipita na sinia, bosi akamshukuru kwa Kiarabu cha kuokoteza. Nilingoja mpaka ashibe, maana mtu aliyeshiba hupenda kusikika. Ndipo nikasema, kama mtu anayependa hadithi tu, "Bosi, waeleze mlivyokuwa mkikamata wezi melini."

Akaegemea ukuta. Alikuwa anangoja kuombwa.

"Wezi ni rahisi," alisema. "Ngumu ni wale wa kichwa ngumu. Kulikuwa na dem mmoja wa Uganda. Kazi alijua, sikatai. Nikamwambia aende matembezi na mzee fulani, mteja wa maana, akanikatalia. Sasa wewe utanikatalia mimi? Nikanyamaza. Siku moja mgeni akampa chipu. Akaiangusha kwa sanduku vizuri tu, mimi nikiwa hapo nyuma yake. Halafu akajishika kifua, hivi." Akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa kwa madaha. "Kamera haioni sanduku, inaona kifua. Nikaandika nimeona akificha. Akashushwa na begi lake. Wengine wote walinyooka, hakuna aliyenikatalia tena."

Yule wa saruji alicheka. Yule wa malori alitazama sahani yake.

Kule jikoni kelele zilikuwa zimekatika. Hakuna aliyekoroga, hakuna aliyechochea. Mama yangu alitoka akiwa ameshika upawa unaodondosha mchuzi, akaja mpaka ukingo wa mkeka.

"Kijana," alisema. "Hiyo kitu iliingia wapi?"

Bosi akanitazama, akamtazama mama, akacheka kidogo. "Kumbe mama unaongea Kiswahili!"

"Sisi yote iko nasikia Kiswahili. Sema tena. Iliingia ndani ya nguo ao ndani ya sanduku?"

"Ah, mama, ni stori tu ya kuchekesha watu."

"Sanduku ao nguo?"

"Sanduku," akasema, taratibu. Kisha akanigeukia mimi, na hapo nikaona anakumbuka. Nimekula vitu vitamu maishani, lakini utamu wa dakika ile sijaupata tena. Nikamwambia, "Ndiyo, bosi. Wakati ule nilikuwa na nywele ndefu."

Alianza kusimama, mguu mmoja umeshaingia kiatuni. Yule mama anayeshika ufunguo, mwanamke mnene asiyejua kunong'ona, akamziba njia. "Keti chini. Umetuchekesha vizuri. Sasa sisi inataka kucheka tena, ngoja niite majirani."

Nikawaambia wale wafanyabiashara wawili kwamba gari linaondoka. Bosi aliita jina la hoteli, akaita jina la dereva. Nikamkumbusha kwa adabu kwamba kwenye meli zetu, abiria aliyechelewa na shughuli zake mjini anaachwa gatini, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akitusomea kanuni hiyo. Nikafunga mlango wa gari. Dereva alikuwa mpwa wa mmoja wa wale wanawake, hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

Baadaye nilisikia kwamba walimfanya akirudie kisa kile kwa kila jirani aliyeingia, na kila mara walimtaka aonyeshe na mkono. Walipomwachia alitembea juani kwenda kutafuta boda boda akiwa na mchuzi kwenye shati. Kabla giza halijaingia, Konyo Konyo walikuwa wanakisimulia. Vijana aliokuwa akiwafundisha karata pale hotelini walianza kuweka mikono vifuani kila anapopita, wote, na macho makavu kabisa. Hakudumu Juba. Sikumhurumia wakati ule na sasa simhurumii.

Jioni nilirudi Lemon Gaba nikiimba ndani ya gari. Wanawake walikuwa wameondoka. Ufunguo wa stoo ulikuwa juu ya sinia mbele ya mama, wamemwachia, naye alikuwa hajaugusa. Nikakaa karibu yake kwenye mkeka. Nilikuwa nimevaa tabasamu langu lote, nangoja sentensi yangu.

"Malesh, mwanangu," alisema. Aliomba radhi kwa Kiarabu, kama anavyofanya jambo likiwa zito. "Walikuonea."

"Si nilikuambia, mama?"

"Uliniambia."

Alikuwa anaangalia mikono yake. Nikamwuliza ufunguo aliurudisha kwa sababu walimhesabia vijiko, sivyo?

"Hapana," alisema. "Vijiko walihesabu nyuma. Mimi niliurudisha kwanza. Nilisema mama wa mwizi hawezi kushika kitu ya Mungu."

"Hata nilipokueleza? Hata baada ya kukueleza?"

"Nilikuombea," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaja zawadi. "Kila asubuhi. Nilikuwa naomba Mungu akusamehe. Nilisema, mtoto wangu alikuwa mbali, pengine alikuwa na njaa."

Kumbe kila alfajiri niliyomsikia akinong'ona ukutani, nikageuka na kulala tena nikiwa na amani, alikuwa akiniombea msamaha wa chipu ile.

"Na kama yule mtu hangekuja Juba," nilimwuliza, "ungeendelea kuomba hivyo?"

Alifikiri. Mama yangu hajui kusema uongo, hata pale uongo ungekuwa huruma.

"Ndiyo," alisema.

Akanyoosha mkono kunishika. Nikachukua beseni la sahani za wageni, nikatoka nje kwenda kuosha.