Nilivyomsafisha Mama wa Watu

Nitajisifu kwanza, kisha nitajiumbua. Miaka ile ya themanini, sabuni ilipokuwa haionekani madukani na watu wakifulia majani ya mpapai, mimi nilikuwa nawatakatisha watu wa Babati kwa penseli. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nimeteremka kutoka milima ya Mbulu, na kazi yangu ilikuwa kusafisha picha katika studio ndogo jirani na soko. Mwenye studio alikuwa mzee wa Kiislamu, mtaratibu, ambaye baba yake alitoka pwani. Yeye alipiga picha, mimi nikazirekebisha, na tulipatana vizuri sana.

Siku hizi wajukuu zangu wanagusa simu mara mbili, chunusi imekwenda. Sisi tulikuwa na utaratibu wetu, na mzee hakukubali uruke hatua hata moja. Negativu, ile filamu ambayo cheusi huonekana cheupe, ikishakauka, unaishika dirishani na kumwangalia mtu kwanza, umjue ni nani. Halafu unaamua pa kukata, ili ndoo iliyojipenyeza pembeni ibaki nje. Halafu unapima mwanga, uso usije ukaungua. Madoa ni mwisho. Doa jeusi la kwenye picha, kwenye negativu huwa ni tundu la kupitisha mwanga, basi unalijaza polepole kwa ncha ya penseli mpaka lipotee. Picha ikishachapwa, vumbi nalo huacha nukta nyeupe, na hizo unaziziba kwa brashi nyembamba na wino.

Kazi hiyo niliipenda, jamani. Kola iliyofubaa ilitoka kwangu nyeupe pe! Vijana waliong'olewa meno ya chini utotoni, kwa mila za kwao, walikuja kuninong'oneza niwazibie pengo, nikawaziba. Walitoka wakitabasamu, nami kichwa kikavimba.

Asubuhi moja akaja mwalimu wa kike na mama yake, wametembea kutoka upande wa Bonga. Walikuwa Wabarbaig, wafugaji wa huko. Mama alikuwa na zile alama za kuchanjwa kwa wembe, nukta zilizovimba, zimezunguka macho yote mawili. Binti hakuwa nazo. Mumewe alikuwa amehamishiwa Songea, basi lao lilikuwa linaondoka kesho yake alfajiri, na alitaka picha ya mama aende nayo. Mzee akawaambia ukweli: karatasi ya picha imebaki moja, nyingine itatoka Arusha siku atakayopenda Mungu. Wakakubali, akapiga, wakaenda sokoni kungoja.

Adhuhuri mzee akaenda msikitini, akaniachia negativu. Sikumwangalia mtu. Niliona nukta, na nukta mimi nilikuwa naijua dawa yake. Tena nilijiona mwema: huyu ni mwalimu, mke wa mfanyakazi, kule ugenini atataka mama wa kisasa. Nikazijaza zote, moja baada ya moja, nikaimba na wimbo. Kisha nikachapa ile karatasi moja. Uso ulitoka laini, na mzee aliporudi aliipeleka picha dirishani, akaitazama tena na tena. Mimi nikadhani amependa.

Jioni mwalimu akaja na mama yake. Akaipokea picha, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele.

"Dada, huyu ni nani?"

Nikamwambia ni mama, nimemsafisha tu kidogo. Hakugomba, na afadhali angegomba. Alikaa kwenye benchi, picha mapajani.

"Mimi nilipelekwa shule, sikuchanjwa," akasema. "Kwetu hakuna mwingine aliyebaki na alama hizi. Wanangu watamjuaje bibi yao?"

Niliona aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka masikio yanapata moto. Penseli kwenye negativu ilikuwa inafutika, lakini ningechapa juu ya nini? Kasha la karatasi lilikuwa tupu. Nikamwomba radhi binti, nikamwomba na mama, ambaye Kiswahili hakukijua vizuri. Binti akamweleza kwa lugha yao. Yule mama akaichukua picha, akaitazama, akacheka mpaka akajishika mbavu, akasema kitu. Binti akatafsiri bila kutaka: eti kwa uso huu laini ataolewa upya.

Mzee akavuta kiti dirishani mwanga ulipokuwa bado mzuri, akamkaribisha mama akae. Kisha akanipa brashi na wino.

"Zirudishe," akaniambia. "Na leo umwangalie mtu."

Basi nikaanza. Nukta ya kwanza ikaangukia kando ya mahali pake. Nikatazama uso, nikatazama karatasi, nikagusa. Yule mama aliona nahangaika, akanishika kidole na kukipitisha kwenye shavu lake, taratibu, chini ya jicho mpaka pembeni, ili nijue mstari unavyokwenda. Nukta zilikuwa ngumu, zimepangwa kwa nafasi sawasawa, kazi ya fundi aliyenizidi mimi. Nikasikia raha kuzifuata. Binti alisogea akawa anahesabu pamoja nami kwa lugha yao, na nilipokosea alinigusa bega. Jicho la kulia likakamilika, nikahamia la kushoto. Jua lilikuwa linashuka na hakuna aliyetaka kuondoka.

Upande wa sikio la kushoto, mstari wangu kwenye karatasi ulikatika. Mahali pa nukta kama tatu palikuwa patupu. Nikadhani nimeziruka, nikachovya brashi niufunge mduara upendeze. Mama akanidaka mkono. Akasema maneno marefu, na safari hii binti alicheka mpaka machozi yakamtoka, kwa sababu hata yeye alikuwa hajawahi kuyasikia.

"Anasema hapo usiweke kitu. Hapo, siku ya kuchanjwa, alimponyoka mwenye wembe, akakimbia."

Nikapaacha hivyo hivyo.