Mirihi Tuliyoifinyanga Uani

Mwaka ule mgongo wangu ulikuwa umeshagoma. Mvua za mwisho zilikuwa zinakatika na matuta yangu hayajafika nusu. Sisi Wafipa tunafukia majani chini ya udongo yaoze, msimu ujao maharage yapate rutuba humo. Ukichelewa udongo ukakauka, jembe linaruka kama limepiga bati.

Mjukuu wangu wa darasa la sita akasema haji shambani. Mwalimu anataka kila mmoja apeleke sayari kesho, na atakayeieleza vizuri ataiwakilisha shule kwenye mashindano ya wilaya, Namanyere. Yeye kapewa Mirihi.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, ndivyo ninavyomtania, "hiyo Mirihi itatupa maharage?"

"Huko hakuoti kitu, bibi. Mawe na vumbi. Hewa kiduchu, baridi inaua."

"Kama hapa mwezi wa saba."

"Zaidi. Na siku yao inazidi yetu kwa nusu saa na kitu."

"Inazidi? Basi mimi siendi. Hii yetu tu imenimaliza."

Akacheka, machozi yakimlenga. Nikaweka jembe chini. Mimi niliishia darasa la pili. Huyu sikutaka aishie kwenye matuta yangu.

Tukafinyanga mpira wa udongo, mkubwa kama kichwa cha ndama. Akasema wekundu wa Mirihi ni kutu ya chuma. Hapo nikaringa. Babu yangu aliyeyusha chuma kwenye tanuru, kutu utanifundisha nini? Nikakwangua kutu ya jembe kuukuu, tukaupaka mpira wetu.

Kosa langu lilikuwa ndani. Udongo ulipopungua, nilijaza majani katikati. Mkono ulikwenda wenyewe, kama natengeneza tuta. Asubuhi tukaukuta una ufa, upande huu hadi ule.

"Bibi, umeniua!"

Akaupakata, akauzungusha, akaufuata ufa kwa kidole.

"Mirihi ina bonde refu mno," akasema taratibu. "Limeipasua hivi hivi."

"Kama Bonde la Rukwa?"

"Rukwa ni mfereji tu, bibi."

Akaondoka nao kifuani. Mimi nikaenda shambani, maana kukaa nyumbani kungeniua kwa wasiwasi. Alinifuata huko alasiri, bado ana sare.

"Shikamoo bibi. Nimechaguliwa!"

"Marahaba. Shika jembe."

Nilisema hivyo ili ainame, asione uso wangu. Tukapiga matuta matatu, la nne udongo ukatushinda. Kipande kile cha shamba kilibaki hivyo hivyo, na maharage yakawa machache. Sijuti. Ila mgongo haujanisamehe mpaka leo.