Nani Amemwita Fundi

Mke wangu alipigwa na kamba ya nguo. Ndivyo alivyosema mwenyewe, akiwa ameketi chini kwenye maji ya sabuni, mkono mmoja ameushika kwa mwingine: "Kamba imenipiga." Kamba hiyo ilikuwa waya wa chuma, ncha moja tumeifunga kwenye mti na nyingine kwenye paa la bati. Jenereta ilikuwa inanguruma nyuma ya jiko, kwa sababu mimi, bwana mkubwa, nilitaka kusikiliza redio kwa umeme na siyo kwa betri kama watu wengine wa Nyamiaga.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Jenereta niliinunua kwa mgeni mmoja wa misaada aliyekuwa anafungasha kurudi kwao. Kazi yangu ilikuwa ukarani wa vibali katika kambi ya Warundi. Mkimbizi aliyetaka kutoka nje ya mipaka ya kambi alipaswa kuwa na karatasi, na karatasi hiyo niliijaza mimi, nimekaa nyuma ya kidirisha, halafu mkuu wangu akatia sahihi. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri na watu waliusifia. Foleni ilikuwa ndefu kila asubuhi, na wote waliniita bwana karani. Kichwa kikavimba, sikatai.

Waya za nyumba yangu alizifunga fundi redio wa sokoni, kwa siku moja, huku anapiga mluzi. Maungio aliyavisha vipande vya mfuko wa plastiki. Nilipomrudia kumweleza habari ya kamba, alitikisa kichwa kwa huruma.

"Umeme hauendi wenyewe kwenye nguo, bwana. Hapo kuna mkono wa mtu. Chunguza majirani."

Kumbe alisema kweli, ila mkono ulikuwa wake.

Nikasikia habari za fundi mwingine, Biharamulo mjini, mtu wa vyeti. Nikamtumia salamu kwa dereva wa lori. Akajibu kwamba anakuja wiki inayofuata. Wiki inayofuata akajibu vilevile. Mke wangu alipiga marufuku jenereta na akawa anaanika nguo juu ya ua wa minyaa. Nami nilikuwa na shida yangu: binti yetu mkubwa alikuwa anapata kipaimara Jumapili ya mwisho wa mwezi, na nilikuwa nimeshawatangazia watu hadi wa Bukiriro kwamba kwangu kutakuwa na taa za umeme na muziki. Hakuna aliyenituma kutangaza. Mdomo ulinitangulia, kama kawaida yake.

Zilipobaki siku tatu, taa ya ofisini ilianza kupepesa. Mkimbizi mmoja kwenye foleni, mtu wa umri wangu, mwembamba, aliinama kwenye kidirisha akaniuliza kama anaweza kuitazama. Kwenye mfuko wa shati alikuwa na bisibisi ya kupimia, ile yenye kitaa kidogo ndani ya mpini. Nikamfungulia mlango. Kabla ya kushika kitu chochote alikigusa kwanza kwa ile bisibisi, hata vile ambavyo mimi niliona havina neno. Kila kitu alikishuku. Alipomaliza, taa ilitulia, na akarudi kwenye nafasi yake katika foleni bila kuomba lolote. Nikasema moyoni, huyu ndiye.

Nilimweleza habari ya kamba ya nguo. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Nitakuja, bwana karani. Uniandikie kibali."

Mkuu wangu alikuwa amesafiri, na asingerudi kabla ya Jumatatu. Bila sahihi yake karatasi haikuwa na kazi. Nilijua hilo kuliko mtu yeyote pale.

"Kibali cha nini?" nikamwambia. "Mimi ndiye ninayeviandika. Wewe njoo Jumamosi."

"Wakinikuta, niwaonyeshe nini?"

"Waambie nimekuita mimi."

Alikitazama kidirisha changu, akautazama muhuri mezani, akakubali. Mpaka leo sijui kama aliniamini au aliona hawezi kumkatalia mtu mwenye muhuri.

Jumamosi alifika mapema, amepita kwenye migomba, suruali imelowa umande mpaka magotini. Kwenye kidirisha tulikuwa tunaongea Kiswahili, lugha ya ofisi. Nyumbani kwangu yeye aliongea Kirundi chake na sisi Kihangaza chetu, na hakuna aliyehitaji mkalimani. Mke wangu alicheka namna alivyokuwa akiita ndoo, naye akacheka namna tulivyokuwa tukiiita sisi. Kwa saa moja hivi nyumba ilikuwa na furaha.

Alituomba tuwashe jenereta kwa muda mfupi. Akapanda ngazi, akagusa bati kwa bisibisi yake, na kile kitaa kikawaka. Akatuonyesha.

"Bati lina moto," alisema. "Msumari umetoboa waya. Mmekuwa mkilala chini ya moto."

Mke wangu alinitazama. Nikaangalia pembeni.

Alizima jenereta, akazing'oa kazi zote za yule fundi redio, akaanza upya na waya mpya niliokuwa nimeununua. Karibu na bafu la nje, mahali ambapo udongo haukauki, alipigilia nondo mpaka ikabaki ncha tu. Alimweleza mke wangu kwamba utapita waya kutoka kwenye nyumba hadi kwenye ile nondo, ili umeme ukipotea njia ushukie ardhini, usimpitie yeye. Alimtaka apamwagie maji kila kiangazi, udongo usikauke. Mke wangu alimpa ndizi na maharage. Alikula haraka, ameketi kwenye mkeka, uso ameuelekeza barabarani.

Saa nane mchana tulisikia lori. Siku zile askari walikuwa wakizunguka vijijini kuwakusanya wakimbizi waliotoka kambini bila karatasi, na wengi waliwakuta mashambani wakilima vibarua. Kwangu hawakuwahi kufika. Fundi alikuwa juu ya ngazi, koleo mkononi. Aliteremka vipandio viwili, akasimama.

Askari aliyeingia uani hakuwa mtu wa huku. Kiswahili chake kilikuwa laini na cha haraka.

"Huyu wa wapi? Kibali kiko wapi?"

Fundi hakumtazama. Alinitazama mimi. Hakuwa na wasiwasi mwingi usoni, na hilo ndilo linaloniuma. Alinitazama kama mtu anayemsubiri mwenzake amalize kutafuta ufunguo mfukoni.

"Nani amemwita hapa?" askari akauliza.

Nilimfikiria mkuu wangu. Nilikifikiria kidirisha, na kiti changu, na jinsi karani wa vibali atakavyoonekana akikutwa na mkimbizi asiye na kibali juu ya paa lake. Yote hayo yalinipita kichwani kabla sijameza mate.

"Amekuja mwenyewe kutafuta kazi, afande," nikasema, kwa Kiswahili safi cha ofisini. "Ndiyo kwanza nilikuwa namuuliza kibali."

Ngazi ilikuwa yangu. Waya ulikuwa wangu. Sahani aliyolia ndizi ilikuwa bado mkekani. Askari aliviona vyote hivyo, na nadhani alielewa, lakini alikuwa amekuja kukusanya wakimbizi na si makarani.

Fundi aliteremka. Bisibisi yake aliirudisha kwenye mfuko wa shati, akatembea mbele yao hadi kwenye lori. Alipokuwa anapanda, aligeuka na kusema kwa sauti kubwa, kwa Kirundi. Hakusema na mimi. Alisema na mke wangu.

"Ntimucane! Msiwashe, mama. Ncha za waya ziko wazi huko juu kwenye kenchi za paa, na waya wa ardhi sijaufunga. Msiwashe mpaka mtu amalize."

Askari alidhani anaomba msaada, akamsukuma ndani.

Lori lilipoondoka, mke wangu aliniuliza swali moja tu: "Amekuja mwenyewe?" Nikamwambia nina kazi, nina watoto, angetaka nifanye nini. Aliokota sahani, akaingia nayo ndani. Kesho yake watu wa kipaimara walikula na kunywa rubisi ya ndizi kwa mwanga wa chemli, na mimi niliwaambia jenereta imeharibika. Wote waliokuwa chini ya paa lile walikuwa salama kwa sababu ya maneno ya mtu niliyemkana. Niliona haya hata kukata nyama.

Jumatatu mke wa fundi alikuja kidirishani. Nilimjua kwa sababu alitaja jina la mumewe. Alitaka kibali cha kumpelekea chakula huko alikozuiliwa. Nikaanza kujaza.

"Wanasema aliyemwita akiandika karatasi kwamba alimwita, watamwachia," alisema. "Lakini yeye anasema hakuitwa na mtu."

Sikuinua kichwa.

"Bwana karani, wewe unawajua watu wa vijiji vya huko. Ukimpata huyo mtu, mwambie aandike."

"Nitauliza," nikasema.

Sijui kama alikuwa anajua. Nimelitafuta jibu usoni mwake miaka yote hii, na kila nikimkumbuka naona kitambaa chake cha kichwa tu, kwa sababu sikuthubutu kuangalia kitu kingine.

Barua niliiandika. Niliiandika mara tatu, kila mara nzuri zaidi ya ile ya kwanza, kana kwamba ningetoa makosa nikabaki bila kosa. Nikaitia mfukoni. Siku moja mkuu alikuwa amerudi na hasira, nikaona si siku nzuri. Siku ya pili mvua. Siku ya tatu nikajiambia kwamba huenda wameshamwachia. Nilipofika hatimaye huko alikozuiliwa, karani wao, mtu wa kidirisha kama mimi, alipitisha kidole kwenye daftari na kusema kundi lile limeshaondolewa. Nilimuuliza wamepelekwa wapi. Alisema yeye anaandika wanaoingia tu. Nilimchukia kwa jibu lile, halafu nikakumbuka mimi huwa nasema nini kwa watu wa foleni yangu.

Mke wa fundi sikumwona tena. Baadaye kambi zilifungwa, kidirisha kikang'olewa, nami nikarudi shambani. Jenereta ilibaki nyuma ya jiko, kuku wakaitagia. Zile ncha zilikaa wazi kwenye kenchi miaka mingi. Mke wangu hakunisuta hata siku moja, ila kila kiangazi nilimwona akitoka na kopo la maji, akaenda kuimwagia nondo ambayo haikuwa imefungwa na chochote. Ningependa zaidi angenitukana.

Nguzo za umeme zilipofika kwetu nilikuwa tayari na mvi. Safari hii alikuja fundi wa kwanza niliyemwita, binti kutoka Bukoba, mwenye mkanda wa vifaa kiunoni. Alinipa shikamoo, nikaitikia, akapanda. Alizikagua waya huko juu moja moja.

"Mzee, nani alifunga hizi? Huyu alikuwa anajua kazi. Alibakiza kidogo sana."

Alibadilisha zilizochakaa, akaziunganisha zile ncha, akauliza kama kuna nondo mahali. Mke wangu alimpeleka mwenyewe hadi bafuni. Kilichokuwa kimebaki hakikumchukua hata nusu saa.

Kisha akatoa fomu. Akasema kuna sehemu ya jina la fundi, lakini yeye asingependa kujiandikia peke yake kazi ya mtu mwingine. Niliomba kalamu. Jina la yule Mrundi nilikuwa nalijua lote, kwa kuwa nililiandika mara tatu kwenye ile barua. Nililiandika kwa mwandiko wangu wote. Chini yake hapakuwa na mstari, nikauchora mwenyewe, nikaandika: *Ameitwa na*, nikaweka jina langu na sahihi.

Binti aliisoma, akakunja uso.

"Mzee, hili hawaliulizi."

"Waliliuliza," nikasema.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja, akaisoma fomu taratibu mpaka chini, akamrudishia yule binti, kisha akaenda kuwasha taa.