Mchumba Wangu Hajui Kwamba Mimi Ndiye Kumi na Saba

Admin, ukiposti hii nifiche kabisa, kwa sababu huyu mchumba wangu ni mfuasi wa page yako. Huwa anasoma visa vya watu akiwa kwa kochi langu na kuvicheka.

Mimi ni dada wa miaka thelathini na mmoja, naishi Free Area hapa Nakuru na mama yangu. Nina kibanda cha chai na chapati. Jumamosi hii wazee wake wanakuja Dundori kwa mjomba wangu kuniposa. Kila mtu kwetu amefurahi. Hata mimi nimefurahi, ila si kwa sababu wanayodhani.

Korona ilipoingia, hoteli niliyokuwa nahudumu ilifungwa tukaambiwa twende nyumbani. Wakati huo tulikuwa Bondeni. Serikali ilipoanzisha ile kazi ya vijana ya kufagia mitaa na kuzibua mitaro, nilipiga magoti nikamshukuru Mungu. Tulipewa gambuti, barakoa na reflekta, kile kizibao cha kung'aa, yenye namba mgongoni. Msimamizi wetu hakuwa na haja ya majina yetu. Mimi nilikuwa Kumi na Saba, basi. Ukishusha barakoa hata upumue kidogo, alikufokea mbele ya wote, kwa hivyo uso wangu hakuwahi kuuona. Wake pia sikuuona, lakini sauti yake iliniingia.

Asubuhi moja alikuja na msichana mwenye kucha ndefu za rangi. Sisi tulikuwa ndani ya mtaro, tope magotini.

"Kumi na Saba, toka. Vua hiyo reflekta."

"Boss, kwani nimekosa nini?"

"Hujakosa. Kuna mtu anaihitaji kukuliko. Vua haraka, usinipotezee time."

Ndani nilikuwa na fulana iliyoraruka mgongo mzima, maana nani alijua nitavuliwa? Nililia. Nilimshika mguu wa suruali nikimwomba, tope likamshika. Akarudi nyuma akijipangusa. Yule msichana alivaa reflekta yangu ikiwa bado na joto langu, nami nikatembea hadi nyumbani mgongo wazi, watu wakinitazama.

Kodi ikatushinda. Mwenye nyumba hakutufukuza, alifanya vile wanavyofanya huku: alituma fundi akang'oa mlango, akaenda nao. Tulining'iniza shuka pale mlangoni, na ilikuwa msimu wa baridi. Kifua cha mama kiliharibikia hapo na hakijapona mpaka leo. Kila akikohoa, nilikuwa namlaani yule mtu.

Sasa mwaka jana, niko kibandani nasukuma chapati, nikasikia mtu nyuma yangu: "Sasa madam, chai moja hapo, usinipotezee time." Ilikuwa sauti ile ile. Nikageuka. Siku hizi anauza viazi, ana pikapu. Aliniangalia usoni akatabasamu, na hakunijua hata kidogo.

Ningeweza kummwagia ile chai. Badala yake nilimwekea chapati ya moto. Akarudi kesho yake, akazoea, akaanza kunitongoza, nami nikamwacha aendelee. Nilitaka tu kujua mahali pa kumuumizia. Siku moja akiwa kwangu anakula, akakumbuka hadithi ya kuchekesha.

"Wakati wa korona kuna dame nilitoa kwa kazi fulani, alinililia mpaka akanichafua longi. Na hiyo longi ilikuwa mpya!"

Alicheka mpaka akapaliwa. Nikamuuliza huyo dada aliitwa nani.

"Mimi nitajuaje? Hao walikuwa tu manamba."

Nikamwongezea mboga. Siku hiyo ndiyo nilimwambia alete wazee.

Kwetu, wageni hawali kitu mpaka msichana aitwe mbele ya watu aulizwe kama anawajua. Akisema hawajui, mambo yameishia hapo, wanarudi na mizigo yao. Nimemwambia aje na watu wengi asiniaibishe, na yeye amealika shangazi zake, pasta wake na marafiki wote wa soko. Mimi sitatoka na kitenge. Nitatoka na gambuti, barakoa na reflekta niliyoandikiwa na fundi namba kumi na saba mgongoni. Nikiulizwa nitasema, mimi namjua sana, hebu muulizeni yeye kama ananijua. Nataka ashike mguu wa suruali ya mjomba akilia.

Shida ni mama. Huyu mtu humpeleka kliniki na pikapu yake, humshika mkono kwenye ngazi, humwita mum. Mama humwombea kila siku. Amesema akiniona nimechukuliwa na kijana kama huyu, hata Mungu akimwita hatalalamika. Kitenge chake cha Jumamosi kimeshashonwa. Rafiki yangu mmoja anayejua ananiambia nisamehe, eti watu hubadilika. Amebadilika wapi na bado anacheka?

Leo mchana mama alikuwa anafagia akaipata ile reflekta chini ya kitanda. Akaigeuza, akaona namba.

"Si hii ndiyo namba yako ya wakati wa korona?"

Nikasema ndiyo. Akaketi kitandani nayo mapajani, akakohoa kwanza.

"Yule mtu aliyekuvua namba hii, mimi hata kanisani sijawahi kumsamehe. Siku ukimwona, unionyeshe tu. Usifanye kitu wewe. Unionyeshe."

Ninavyoandika hivi, jamaa yuko hapo mlangoni anamshushia gunia la viazi, na mama anamwambia, "Asante mwanangu, ingia unywe chai."

Ndugu zangu, nishaurini. Nimwonyeshe mama sasa hivi, ama ningoje Jumamosi?